Kamera Yako Imevunjika? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa ya Nyingine

Mjomba wangu anaishi Ihururu, kule Tetu, upande ambao mashamba ya chai yanakaribiana na msitu wa Aberdare. Kwa Kikuyu mjomba wa upande wa mama huitwa "mama", na nikiwaambia rafiki zangu wa Mombasa kwamba mama amefuga ndevu huwa wananitazama mara mbili. Kazi yake ni picha. Hana studio. Ana pikipiki, jaketi lenye mifuko mingi, na kamera ndogo inayoingia kwenye mfuko mmojawapo. Anapiga picha za ruracio, za watoto siku ya kufunga shule, za chama kikigawana pesa mwezi wa Desemba, na za ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Mtu akitaka kumkatia bima ng'ombe wake wa maziwa, mara nyingi ataombwa picha zinazomwonyesha mnyama vizuri pamoja na ile hereni ya namba iliyo sikioni.

Mwaka jana mwezi wa Julai, wakati wa gathano, ile baridi yetu ya manyunyu na ukungu, kamera ilimponyoka akishuka kwenye pikipiki. Ilikuwa imewashwa na lenzi imetoka nje, na lenzi ndiyo iliyogonga kokoto kwanza. Tangu hapo kila akiiwasha inalia krrr, krrr, inaandika kwamba lenzi ina hitilafu, halafu inazima.

"Muihwa," akaniambia kwa simu, maana ndivyo mjomba anavyomwita mtoto wa dada yake, "hii kitu taa inawaka lakini jicho halifunguki. Na wiki tatu zijazo nina shule mbili."

Shule mbili ni watoto kama 400, na kila picha ni shilingi 50. Piga hesabu mwenyewe.

Nikamwambia tulia mama, nitakutafutia nyingine. Na hapa lazima nikiri jambo. Usiku uleule niliona kwenye Facebook kamera ya aina ngumu, "mpya kabisa", kwa shilingi 9,500, na muuzaji akaomba 2,000 tu za kuishikilia kwa sababu watu watatu walikuwa wanaitaka. Mimi, niliyesomea masoko chuoni na kufundishwa jinsi hofu ya kukosa inavyouza bidhaa, mimi ambaye kazi yangu ni kuandika makala za kuwasaidia wateja wetu kulinda pesa zao, nikatuma. Kwa namba ya mtu binafsi. Asubuhi ule ukurasa haukuwepo. Niliripoti, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala.

Kwa hivyo makala hii inatoka kwa mtu aliyelipa ada ya masomo. Nitakueleza tulivyochagua kamera hatimaye, namba zilizoandikwa kwenye boksi zina maana gani, na jinsi ya kulipa bila kulia.

Kwa nini si simu tu?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mtu aliniuliza, na ni swali zuri. Kwa watu wengi jibu ni simu tu. Kama unapiga picha za familia na za kuweka kwenye status, usinunue kamera. Funga makala hii, nunua kava nzuri ya simu, uendelee na maisha.

Lakini kama picha ni kazi yako, fikiria hivi: simu yako ndiyo pochi yako. Mjomba hulipwa kwa simu, hununua mafuta ya pikipiki kwa simu, hutuma karo kwa simu. Simu hiyo ikianguka kwenye mto karibu na maporomoko ya Zaina akimpiga picha bwana harusi, hajapoteza kifaa cha kazi peke yake, amepoteza pia njia ya kulipwa siku hiyo. Pesa zenyewe hazipotei, maana haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti. Ila itabidi arudishe laini, atafute simu nyingine, na siku nzima imekwisha. Halafu kuna wale wageni wanaosema "hebu nipe nione picha yangu". Kamera unampa mtu bila wasiwasi. Simu yenye pesa zako, na labda PIN umeiandika mahali fulani kwenye meseji, unampaje?

Kuna sababu nyingine mbili. Kamera ina zumu ya lenzi yenyewe, kwa hivyo ng'ombe aliye upande wa pili wa boma anasogea bila picha kuharibika, wakati simu nyingi za bei ya kawaida hukata tu picha na kuikuza. Na betri ya kamera inatolewa. Ukibeba mbili za ziada mfukoni, karibu na mwili zisipate baridi, unamaliza sherehe bila kuuliza soketi iko wapi.

Kwanza jua kilichoua ile ya zamani

Watu wengi huruka hatua hii. Kamera ikifa wanaenda dukani kununua ileile, na mwaka unaofuata inakufa kifo kilekile.

Kamera ndogo za kawaida zina lenzi inayotoka nje kama shingo ya kobe. Ndani yake kuna mirija ya plastiki iliyoingiana, gia ndogo ndogo na mota isiyo na nguvu nyingi. Ikianguka ikiwa imefungwa inaweza kupona. Ikianguka lenzi ikiwa nje, mirija inatoka kwenye njia yake na mota haiwezi kuirudisha. Hicho ndicho kilio cha krrr krrr. Vumbi nalo hufanya kazi hiyohiyo polepole. Kila lenzi inapotoka na kurudi inavuta hewa ndani, na hewa ya barabara zetu za udongo mwekundu wakati wa Januari na Februari si hewa tupu. Chembe moja ya mchanga kwenye gia inatosha.

Adui wa tatu ni unyevu. Hapa Nyeri hatuna bahari, kwa hivyo watu wanadhani maji si tatizo. Lakini ukitoka kwenye ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi ukaingia jikoni ambako chai inachemka, kamera baridi inalowa jasho nje na ndani, sawa na miwani. Fanya hivyo kila siku msimu mzima na utaanza kuona madoa meupe ndani ya lenzi. Huo ni ukungu wa aina ya kuvu, na kuutoa ni kazi ya fundi.

Ya mjomba ilikufa kwa kuanguka. Lakini tulipoifungua mlango wa betri tukakuta kutu kidogo kwenye vile vyuma. Kwa hivyo hata kama isingeanguka, safari yake ilikuwa fupi.

Fundi mmoja mjini Nyeri alisema anaweza kubadilisha lenzi nzima akiipata, ila bei aliyotaja ilikaribia bei ya kamera kama hiyo iliyotumika. Kama ukarabati unazidi nusu ya bei ya kununua nyingine ya mtumba iliyo nzima, mimi huacha.

Namba za kwenye boksi

Kamera zinazoitwa ngumu zinatofautiana na zile nyingine kwa jambo moja kubwa kuliko yote: lenzi yake haitoki nje. Mwanga unaingia kwenye kioo cha mbele, unageuzwa na kioo kingine, kisha unashuka ndani ya mwili wa kamera ambako lenzi zinasogea zikiwa zimefungiwa. Hakuna shingo ya kobe, hakuna tundu la vumbi. Ukiwa dukani usimsikilize muuzaji, iwashe tu. Kama kuna kitu kimetoka nje, hiyo si kamera ngumu, hata iwe imepakwa rangi ya machungwa na kuandikwa "sport".

Baada ya hapo utakutana na namba za mita.

"Mita 15 ya maji" maana yake mtengenezaji ameijaribu kwenye maji ya kina hicho kwa muda fulani, milango yote ikiwa imefungwa na mipira yake ya kuzuia maji ikiwa mizima. Wewe hutaizamisha mita 15. Lakini kamera inayovumilia shinikizo hilo haitajali manyunyu ya Julai wala kumwagikiwa na soda kwenye ruracio.

"Mita 2.1 ya kuanguka" inahitaji tahadhari zaidi. Watengenezaji wengi hufanya jaribio hili kwa kuiangusha kamera juu ya plaiwudi ya sentimita 3 au 5. Plaiwudi si kokoto. Chukulia namba hiyo kama ishara kwamba mwili umeimarishwa, usiichukulie kama ahadi. Soma waranti pia: kampuni nyingi hazilipii kamera iliyoingia maji kwa sababu mlango haukufungwa sawasawa au uchafu ulikwama kwenye mpira.

Ukiona IP68, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili ni ya maji. Kwa barabara za Tetu mimi naanza kuangalia ile 6.

Nyuzi 10 chini ya sufuri? Ihururu hatufiki huko, hata kama asubuhi nyingine unaweza kudhani tumefika. Namba hiyo inawahusu waongoza wageni wanaopanda Mlima Kenya kutoka Naro Moru hadi Point Lenana, mita 4,985, ambako betri ya kawaida inalala kabla ya mgeni kufika kileleni.

Na megapikseli. Hapa ndipo watu wanaibiwa mchana kweupe, mara nyingi bila sheria kuvunjwa. Mtandaoni utaona kamera ndogo zisizo na jina zinazodai megapikseli 48 au 64 kwa shilingi elfu chache. Nyingi zina sensa ndogo ya bei rahisi, na programu ndani inaongeza nukta za kubuni kati ya nukta halisi. Ni kama kuongeza maji kwenye maziwa: lita zimeongezeka, maziwa ni yaleyale. Kamera ngumu maarufu ya Olympus ina megapikseli 12 tu. Hizo ni nukta 4,000 kwa 3,000, zinazotosha kuchapisha picha kubwa kuliko karatasi ya A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi. Mzazi wa Tetu anataka picha ya ukubwa wa kiganja aiweke kwenye kabati la vyombo. Megapikseli 12 zinabaki.

Majina utakayokutana nayo

Sitakuambia nunua hii. Nitakuambia nilichokiona nikitafuta.

Familia inayojulikana zaidi ni ya Olympus Tough: TG-5 ya mwaka 2017, TG-6 ya 2019 na TG-7 ya 2023. Zote zinavumilia maji mita 15 na kuanguka mita 2.1, zote zina megapikseli 12 na lenzi inayoanza kwenye f/2.0, yaani inaingiza mwanga mwingi kwa kamera ya ukubwa huo. Zinatumia betri ya aina moja, LI-92B, jambo linalorahisisha maisha ukitafuta ya akiba. Tofauti ya TG-7 ambayo mtu wa kawaida ataifurahia ni tundu la USB-C, kwa hivyo chaja ya simu yako inafaa.

Angalia hapa: TG-7 haijaandikwa Olympus. Imeandikwa OM SYSTEM. Olympus iliuza biashara yake ya kamera, na tangu Januari 2021 inaendeshwa na kampuni nyingine iitwayo OM Digital Solutions. Nimesikia mtu akikataa kamera halali akidhani ni feki kwa sababu ya jina hilo. Kinyume chake, ukiuziwa "Olympus TG-7" yenye jina la Olympus limechapwa mbele, uliza maswali.

Nikon Coolpix W300 ya 2017 inaenda mita 30 za maji na kuanguka mita 2.4. Panasonic FT7 ya 2018 inafika mita 31, na ina kitu kizuri ambacho nyingine hazina, kijidirisha cha kuchungulia kwa jicho jua likiwa kali. Fujifilm XP140 ya 2019 ni mita 25 na ni nyepesi. Ricoh WG-6, pia ya 2019, ni mita 20. Nyingi kati ya hizi hutazipata mpya dukani, utazipata za mtumba, na hilo si baya ukijua unachokagua.

Bei? TG-7 ilipozinduliwa Marekani ilikuwa dola 549.99. Kwa dola moja kuwa karibu shilingi 129, hiyo ni kama shilingi 71,000 kabla ya usafiri, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha. Sasa rudi kwenye lile tangazo langu la 9,500 "mpya kabisa" ucheke. Mimi nilicheka baadaye, si siku hiyo.

Kitu kimoja wauzaji hawatakuambia: sensa ya kamera hizi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Mchana, hata mchana wa mawingu, picha ni safi. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, au kwenye hema usiku taa zikiwa mbili, picha itakuwa na chengachenga. Kama kazi yako kubwa ni harusi za ndani na sherehe za usiku, kamera ngumu si jibu. Nunua kubwa ya mtumba yenye sensa kubwa, ibebe kwenye begi zuri, na ukubali kuilea kama yai.

Na zile kamera ndogo za vitendo, za kufunga kwenye helmeti? Ngumu kweli, lakini picha yake ni pana mno. Ukimpiga mtu kwa karibu pua inakuwa kubwa. Hakuna bibi harusi wa Tetu atakayelipia pua kubwa.

Kukagua ya mtumba

Tulienda Nairobi, mimi na mjomba, kwenye maduka ya kamera ya Moi Avenue. Nilimwambia asiseme ana shule mbili wiki ijayo. Alisema ndani ya dakika moja. Bei ikapanda papo hapo.

Duka la tatu lilikuwa na TG-5. Tulichofanya ni hiki, na wewe ufanye hivyohivyo bila aibu, hata kama muuzaji anapumua kwa nguvu. Fungua kila mlango uangalie ule mpira wa kuzuia maji: usiwe na nyufa, usiwe umelegea, usiwe na nywele wala mchanga. Angalia vyuma vya betri kama vina kutu au unga wa kijani, maana huo ni ushahidi kwamba maji yaliwahi kuingia. Mulika lenzi kwa tochi ya simu ukitafuta madoa na utando. Piga picha ya ukuta mweupe, uikuze kwenye skrini. Nukta nyeusi inayokaa mahali palepale kwenye kila picha iko ndani. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho mara kumi ukisikiliza. Toa betri uilaze mezani: ikizunguka kama pia imevimba, usiichukue. Weka memori kadi yako mwenyewe, si ya duka, uone kama inaandika na kusoma.

Usikubali muuzaji aitumbukize kwenye ndoo kukuthibitishia. Kama mpira ni mbovu, atakuwa ameua kamera ambayo unaweza kuwa unainunua.

Tukiwa kwenye kadi: kadi feki ni nyingi kuliko kamera feki. Kadi inaandika GB 128, lakini ndani ni 8, na baada ya hapo inafuta picha za zamani ikiandika mpya, au inazipoteza kabisa. Unagundua jioni, baada ya mtoto wa 300. Kuna programu za bure za kompyuta zinazojaza kadi nzima na kuisoma tena, kama H2testw. Inachukua muda, lakini fanya mara moja kabla ya kazi ya kwanza. Tena kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa.

Sasa pesa

Hapa ndipo kampuni kama yetu inaingia, kwa hivyo nisikilize vizuri.

Lipa ukiwa umeishika kamera. Si pesa ya kuishikilia, si nauli ya boda ya kuileta, si "ada ya usajili". Tapeli anajua kwamba 9,500 ni nyingi, hutaituma bila kufikiri. Anaomba 2,000 kwa sababu 2,000 mtu anasema "hata ikipotea". Akiwapata watu 20 kama mimi kwa usiku mmoja, ana 40,000, na hana kamera hata moja.

Duka likikupa namba ya till, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Lifanane na la kwenye bango au kwenye risiti. Likiwa tofauti, uliza. Mara nyingi kuna sababu ya kawaida, kama mwenye duka kusajili kwa jina jingine la biashara. Lakini akikuambia "hiyo till ina shida leo, tuma kwa namba yangu", na kamera ni ya elfu thelathini na kitu, mimi ningesubiri till ipone. Malipo ya till yanaacha kumbukumbu yenye jina la biashara. Siku ya kurudisha kamera iliyoharibika ndani ya waranti utafurahi kuwa nayo. Ujumbe wa uthibitisho usiufute. Na risiti iwe na namba ya siri ya kamera, ile iliyochapwa chini, ili asije akasema uliyorudisha si yake.

Muuzaji naye akikuambia usubiri dakika chache athibitishe malipo yameingia, usimkasirikie. Kuna wanunuzi wanaoonyesha meseji ya kughushi, na wengine wanaochukua bidhaa kisha wanapiga simu kudai kwamba walituma kimakosa. Amechomwa kabla yako.

Ukigundua umetapeliwa au umetuma kwa namba isiyo yako, ripoti dakika hiyohiyo, usingoje asubuhi kama mimi. Pesa ambayo bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji inaweza kuzuiwa suala likichunguzwa. Ikishatolewa, ni hadithi nyingine.

Kuhusu mkopo. TG-5 tuliyoichagua ilikuwa 33,000 pamoja na betri ya pili. Mjomba alikuwa na 18,000 za chama. Alikosa 15,000, na mkopo aliopata kwa simu ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani shilingi 1,125. Tulikaa kwenye mkahawa tukaandika nyuma ya risiti: shule mbili zinaleta kama 20,000, toa kuchapisha, toa mafuta, kinachobaki hakilipi mkopo wote, lakini ruracio mbili za Agosti zinamalizia. Tarehe za kazi zilikuwa ndani ya siku 30 na zilikuwa na uhakika, ndiyo maana nilimwambia achukue. Kama angekuwa anasema "kazi zitakuja tu", ningemwambia aazime kamera kwa mtu, alipe kidogo kwa siku, aendelee kuweka akiba. Mkopo wa mwezi mmoja unahitaji kazi ya mwezi huohuo.

Ikishafika nyumbani

Kamera ngumu inakufa kwa njia moja zaidi ya nyingine zote: mlango wa betri uliofungwa vibaya. Mlango wa TG-5 una kufuli mbili, na ile ya pili ndiyo watu husahau. Kabla ya kufunga, pangusa mpira kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Usifungue mlango huo nje kwenye ukungu kama hujalazimika, kwa sababu unyevu utakaoufungia ndani utatokea baadaye kama wingu kwenye lenzi. Ukiingia kwenye joto, iache ndani ya begi nusu saa kwanza. Ikiwa na matope, isuuze kwa maji safi milango ikiwa imefungwa. Udongo ukikauka kwenye vibonye unavifanya vigumu. Mipira hiyo huchoka, na mtengenezaji hushauri ibadilishwe mara moja kwa mwaka, kwa hivyo weka pesa hiyo kando mapema.

Tulifunga kamba ya mkononi, ile ya kawaida tu. Mjomba hakuipenda, alisema inamfanya aonekane mtalii. Shule ya kwanza ilikuwa Alhamisi, na manyunyu yalianza darasa la tatu likipangwa kwenye mistari. Mwalimu akataka kuahirisha. Mjomba akapangusa kioo kwa shati akaendelea, watoto wakicheka kwa sababu wao ndio waliokuwa wanaloa.

Jioni alinitumia meseji: 211 zimelipwa, waliobaki watalipa wakifungua shule. Kisha akatuma nyingine. Ile kamera ya zamani bado iko kwenye droo, na kuna fundi Karatina ameambiwa anaweza lenzi. Nimemwambia, mama, hilo tuongee mwaka ujao.